Mji Ndani ya Kabati

Mtaani wanamwita Meya, ingawa hajawahi kugombea cheo chochote. Ni seremala, mama wa miaka sitini na ushee, miwani imefungwa kwa uzi, na mteja akipandisha sauti kwenye karakana yake huonyeshwa mlango hata kama amekwisha kulipa. Jina alilipata akiwa na miaka tisa. Wengi wanakieleza kisa chake kombokombo, basi kiko hivi.

Baba yake naye alikuwa seremala, tena wa kusifika, ila mikono yake ilikuwa na adabu kwa mbao tu. Chai ikipoa, kelele. Mlango ukigongwa, kelele. Siku nyingine kelele hazikumtosha, akapiga. Mkewe alikuwa akitembea kwa kunyata ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mzee amekwisha kufa, lakini hapa havikwi kilemba cha ukoka.

Binti alikuwa na pa kukimbilia. Uani kwenye karakana hapakukosa kabati linalosubiri kumaliziwa. Mambo yakichacha aliingia humo, akauvuta mlango na kuacha ufa wa mwanga, akachora mji kwenye ubao wa nyuma kwa penseli ya baba. Palikuwa na soko, shule, na roshani ambapo mama yake ameketi hana haraka. Sheria ya mji ilikuwa moja: kupiga kelele marufuku. Kabati likikaribia kutoka, aliufuta mji kwa msasa na kuuhamishia kabati jingine.

Kisha muuguzi mmoja akaagiza kabati la milango mitatu, na mji ukanoga. Binti akachelewa kuufuta. Baba, kwa haraka zake, akapaka vanishi ndani bila kuchungulia, juu ya mji mzima. Kila fundi anajua maana yake: penseli ikishafunikwa na vanishi haifutiki mpaka uukwangue ubao wote.

Muuguzi alipokuja kulichukua ndiye aliyeuona.

"Haya ni nini, fundi?"

Baba akachungulia, mishipa ya shingo ikamsimama. Akamtupia bintiye msasa.

"Kwangua. Yote, sasa hivi."

Binti hakuudaka, ukaanguka chini. Mama yake aliwahi kumkatalia mtu huyu mara moja tu, akakaa wiki nzima na jicho limevimba. Lakini ule ndio mji pekee aliokuwa nao.

"Sikwangui," akasema.

Baba akanyanyua mkono. Muuguzi akasogea akasimama katikati yao, kama mtu anayetafuta tu mahali penye mwanga.

"Kwanza anitembeze. Mwanangu, mkubwa wa mji huu nani?"

"Mimi. Mimi ndiye meya."

"Na huyu aliye nje ya ukuta?"

"Baba."

"Mbona haingii?"

"Akiingia atapiga kelele."

Baba alimtazama yule mtu mdogo wa penseli, mdomo wazi, mikono juu, nje ya ukuta.

"Umenifukuza kwenye mbao zangu mwenyewe?"

"Ndiyo."

Mama alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Sasa akaja bila kunyata, akainama, akauokota msasa, akautia mfukoni mwa gauni lake.

"Hakwangui mtu hapa," akasema.

Mkono wa baba ukashuka, pengine kwa kumwonea mgeni haya. Asipewe sifa zaidi ya hiyo. Muuguzi akaondoka na kabati na mji wake, na ndiye aliyelitangaza jina la Meya mtaani. Baba akabaki uani anafoka mpaka sauti ikamkauka. Mkewe na bintiye walikuwa ndani wanakula, na hakuna aliyeinuka.