Majina yasiyofunguka

Leo binti yangu amenipatisha haya mbele ya majirani!

Furaha wangu, huyu mwenye akili, ametengeneza ukurasa wa intaneti wa watu tuliopotezana nao tukikimbia vita. Nikaita majirani wa mtaa wetu wa Kilibula: "Mukuje muone kazi ya mtoto wangu!"

Jirani mmoja, Mama Neema, akashika simu yangu, akabonyeza jina la bwana yake, Bahati. Hakuna kilichofunguka. Akabonyeza tena.

Nikamugombeza binti yangu: "Weye Furaha, umeniharibia sifa!"

"Mama, nimeyaacha majina hivyo kusudi. Mtu akipatikana, ndipo jina lake litafunguka lionyeshe mahali iko. Bila pa kubonyeza, ingekuwa orodha ya marehemu."

Nikaona kosa langu. Miye, muntu wa maneno mengi, nikamuomba simu yake.

Naandika kwa simu ya Furaha. Yangu bado iko kwa Mama Neema, anabonyeza.

Aliyemuona Bahati, fundi wa mitumbwi, aandike hapa chini.