Siku Mzee Aliposhindwa Drafti

Mume wangu alikuwa mwokaji mikate hapa Mutomo kwa zaidi ya miaka thelathini. Tanuri lake lilikuwa la kuni, nyuma ya duka, na kila alfajiri alikuwa ameinama mbele yake akisukuma trei ndani na kuzivuta nje. Moshi ule ulimwingia kifuani kidogo kidogo. Alipoacha kazi alikuwa na kikohozi kisichoisha, na hakuweza kupanda kwenda kanisani bila kusimama njiani mara mbili. Hilo tulilizoea. Tulisema ndivyo kifua chake kilivyo.

Kitu kilichonishtua ni akili yake. Alianza kuniuliza swali moja mara tatu kabla chai haijapoa. Asubuhi aliamka na kichwa kinamuuma, mkali bila sababu, halafu mchana analala kwenye kiti. Siku moja alifungia mbuzi nje na kufunga zizi tupu kwa kufuli, akarudi ndani ameridhika kabisa. Nilipiga simu kwa binti yetu aliye Nairobi.

"Mama, huo ni ugonjwa wa kusahau," akasema. "Wazee wengi wanao. Itabidi umvumilie tu."

Nikakubali. Nilijiambia kwamba nimeolewa na mtu mzuri miaka mingi, na sasa zamu ya kumvumilia imefika. Nilikuwa nimeanza hata kumjibu kwa sauti ile ya kumbembeleza mtoto, na naona aibu nikiikumbuka.

Aliyetutoa hapo ni jirani yetu, mfanyabiashara wa mbuzi. Asili yake ni kaskazini mashariki, na ameishi hapa karibu tangu tujenge. Yeye na mume wangu hucheza drafti kila alasiri kwa vizibo vya soda, na katika miaka yote hiyo mume wangu ndiye aliyekuwa akishinda. Siku hiyo jirani alinifuata jikoni, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mwalimu, nimemshinda mzee mara nne wiki hii."

"Basi umejifunza kucheza," nikamwambia.

Hakucheka. "Mimi sijajifunza chochote. Anaona kete yangu, anajua nitamla, lakini ni kama mkono unangoja kichwa. Na midomo yake, umeiangalia? Ina rangi ya buluu. Kwetu mnyama akiwa hivyo hatusemi amezeeka. Tunasema hapumui vizuri."

Nilitoka nikamwangalia mume wangu akiwa amekaa kwenye jua. Midomo ilikuwa ya buluu. Kucha pia. Nilikuwa nimemwona kila siku na sikuwa nimeona.

Kesho yake tulikwenda hospitali. Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye sauti ya upole. Alimbana kidoleni kile kifaa kidogo kinachopima oksijeni kwenye damu, akangoja, akakihamishia kidole kingine kuhakikisha. Kilisoma themanini na moja.

"Mama, inafaa iwe zaidi ya tisini," akasema. "Mapafu yake yamechoka, hewa haimfikii kichwani ya kutosha. Seli za ubongo zinahitaji oksijeni ndiyo zitengeneze nguvu..."

Alinieleza kwa subira, kwa maneno mepesi, na sikumkatiza. Sikumwambia kwamba nimefundisha baiolojia kidato cha tatu hadi nikastaafu. Kila mwaka nilichora mitokondria, vile vinu vya nguvu ndani ya seli, ubaoni kwa chaki ya kijani. Niliwaambia wanafunzi kwamba sukari ikichomwa pamoja na oksijeni huipa seli nguvu karibu mara kumi na tano ya ile inayopatikana bila oksijeni. Niliwaambia ubongo ni mdogo lakini unakula kama moja ya tano ya oksijeni yote mwilini, na hauna ghala la kuweka akiba. Niliyasema yote hayo, nikasahihisha mitihani, na nyumbani nikashindwa kuyaona kwa mtu anayelala kando yangu.

Nilimuuliza swali moja tu. "Hizo seli zimekufa?"

"Nyingine huenda zimeumia, siwezi kukuficha. Lakini nyingi zinabana matumizi. Seli ikikosa nguvu ya kutosha, inapunguza kwanza kuzungumza na wenzake, ndiyo ibaki hai. Tukimpa hewa tutajua ni ngapi zilikuwa zimenyamaza tu."

Walimwekea mpira wa oksijeni puani. Nilikaa kando ya kitanda nikishona. Siku ya pili, saa nne asubuhi, alinigeukia akaniuliza, "Mbuzi wamebaki na nani?" Nikamjibu. Akaitikia kwa kichwa, na hakuuliza tena. Nilingoja nusu saa nzima, na hakuuliza tena. Nikaenda msalani nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi.

Tulirudi nyumbani na mashine ya oksijeni, watoto wakituwekea sola ya kuisaidia stima ikipotea. Daktari alitupa masharti mawili. La kwanza, tusiongeze kipimo hata akihema, maana mapafu kama yake hewa ikizidi inamdhuru. La pili, moto usimkaribie, maana oksijeni huuchochea. Hilo la pili lilimwuma mwokaji. Nilihamishia jiko nje upande wa pili wa nyumba, na wiki ya kwanza alilalamika kwamba chai yangu inafika ikiwa baridi.

Drafti ilirudi, ingawa si yote. Siku hizi jirani hushinda mara moja moja, na majina ya watu bado humponyoka. Lakini maumivu ya kichwa ya asubuhi yameisha, na anasoma gazeti hadi mwisho, kisha anabishana nalo.

Mwezi uliopita tulimtembelea kaka yangu Makueni. Mume wangu alikaa kiti cha mbele, mtungi mdogo wa oksijeni katikati ya magoti, akinisomea mabango ya barabarani kana kwamba mimi sijui kusoma. Kaka yangu ana michungwa. Tulikaa barazani na beseni la machungwa, maganda yakijaa miguuni, na wake wa wapwa zangu wakamwuliza jinsi tulivyokutana.

Akawasimulia. Akasema mimi ndiye niliyekuja dukani kila siku kununua mkate ambao sikuuhitaji, hadi akanihurumia. Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa akileta mkate shuleni bila mtu kumwagiza. Ameisimulia hadithi hiyo hivyo, kombo, tangu tuoane, kwa faida yake, bila kubadilisha hata neno. Sikumsahihisha. Nilimmenyea chungwa jingine, nikamwacha aendelee.