Hisa za Ng'ombe wa Shangazi

Bado nina hasira, ila sasa sijui nimkasirikie nani. Shangazi yangu, mfugaji wa kijijini, aliuza ng'ombe wanane akanikabidhi hela nimnunulie hisa, kwa kuwa mimi ndiye mtumishi wa serikali niliyehudhuria semina. Nikamhakikishia kwamba nitazigawa kwenye kampuni nne, kama yeye anavyogawa mifugo kwa ndugu wa vijiji vinne, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usimalize wote. Alinielewa mara moja.

Wiki iliyopita bei za kampuni zote nne ziliporomoka siku moja. Nikajua tumeibiwa. Nikamchukua shangazi, aliyekuwa amekuja kunitembelea kwangu Ipagala, hadi ofisi ya dalali wa hisa pale Makole, ashuhudie ninavyodai haki yake. Nikagonga meza. Nikamwambia dada wa kaunta kwamba kampuni nne zisizojuana haziwezi kuanguka pamoja, labda kuna mtu anazisukuma. Foleni nzima ikanigeukia.

Dada alimwamkia shangazi shikamoo kwanza, kisha akafungua faili langu na kusoma taratibu.

"Benki. Benki. Benki. Na hii ya nne ni benki pia, kaka."

"Lakini zina majina tofauti," nikasema, sauti ikianza kunikimbia.

Shangazi akajitanda kanga yake vizuri na kusimama.

"Mwanangu, mimi kabla ya kugawa ng'ombe nauliza wanakunywa wapi. Wewe umewaweka mazizi manne, na wote wanakunywa kwenye lambo moja."