Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu, na si siku ya harusi yangu wala ya kuzaa. Ni siku niliyoosha kibuyu cha watu. Utacheka. Cheka tu, lakini keti kwanza.

Nasikia unajiandaa kwenda nchi ya wenyewe kujitolea shuleni, na Jumapili kanisa zima lilikupigia makofi. Hata mimi nilipigiwa.

Nilikuwa msichana, nimeishia darasa la tatu, na Uhuru ulikuwa bado mchanga. Kanisa letu hapa Kanyakine lilitafuta watu wa kusaidia shule moja mpya huko ng'ambo ya Moyale, Ethiopia, kwa wafugaji. Mwalimu Silasi Mutuma alienda kufundisha. Julia Kaario, yule mjane wa maneno mengi, Mungu amrehemu, alienda kupika. Mimi nilienda kumchotea Julia maji. Tulipanda lori lililojaa mahindi na njahi, yale maharagwe yetu meusi, na barabarani kote tuliimba kama watu wanaobeba Krismasi kwenye gunia.

Shule ilikuwa ya wavulana watupu, ila msichana mmoja tu, Darmi. Baba yake, Guyo, hakutaka asome. Nyanyake, Kabale, ndiye aliyemwombea mpaka akakubaliwa. Darmi alikuwa na Kiswahili kidogo cha mpakani, na akili yake, mwanangu, ilikuwa wembe. Mwalimu Silasi alikuwa akisema, "Huyu mmoja akisoma, wengine watamfuata." Tumaini letu lote la pale lilikuwa huyo mtoto.

Basi kiangazi kikauma. Asubuhi moja Kabale akaja kwa miguu, akanishikisha kibuyu cha maziwa, kirefu, si cha mung'unye kama vyetu bali kimesukwa kwa mizizi, kinanukia moshi.

"Nyanya anasema asante ya mimi kukaa shule," Darmi akatafsiri. "Ng'ombe wa kukamua amebaki mmoja."

Tulikunywa. Lakini bibi alipoondoka, Julia alianza.

"Aka! Tumekuja kulisha watu, sasa tunanyonya ng'ombe wao wa mwisho? Kathambi, hicho chombo kisirudi kitupu. Ama mama yako hakukufunza?"

Alinifunza. Unajua kwetu: jirani akikuletea kitu kwa kiondo, kiondo hakirudi kikiwa na hewa. Mkono mtupu haulambwi. Na chombo kirudi kisafi, wasije wakasema binti wa fulani ni mchafu.

Nikachukua maji moto, sabuni ya kipande na mchanga. Nikasugua ndani mpaka ule weusi ukatoka kama masizi, na harufu ya moshi ikaisha. Nilifurahi, nikidhani ni uchafu. Nikakianika, kisha nikakijaza hadi shingoni njahi nyeusi, zile tunazompikia mama aliyejifungua. Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo, au sivyo?

Kabale aliporudi akakipima mkononi, akanusa mdomo wake. Akatandika shuka yake, akamimina njahi polepole, hata moja isianguke mchangani. Akanusa tena. Kisha akaketi chini, akamwambia Darmi neno kwa sauti ndogo.

"Sema, mwari," Julia akamhimiza. "Anasema nini?"

"Anasema mama yangu mimi alikisuka kabla hajafa. Ni changu, nikiolewa. Anasema humu ni maziwa tu, hamuwekwi kitu kingine. Moshi wake ni wa miaka mingi, ndio unaolinda maziwa. Sasa yatakuwa yanaharibika. Anauliza, kwani maziwa yake yaliwachoma, mpaka mkashindwa kulala nayo?"

"Mwambie tulitaka kumshukuru!"

Kabale akasikiliza, akajibu, na Darmi akasema akiangalia chini: "Anasema yeye ndiye alikuwa anashukuru. Mmemnyang'anya."

Guyo akaja kesho yake. Hakupiga kelele. Alisema tu, waliosugua kibuyu watamsugua na mtoto. Mwalimu Silasi akabembeleza, Julia akalia, na Kabale, aliyekuwa akimtetea mtoto siku zote, safari hii alinyamaza. Darmi akaniachia kibao chake cha kuandikia, akamfuata baba yake. Mvua iliponyesha tukasikia ameozwa, na alikuwa bado mtoto. Na njahi? Kabale hakuzibeba. Tulizipika. Nami nilikula.

Tuliporudi tulipokewa kwa nyimbo. Pasta akasema tumepeleka tumaini kwa watu wasio nalo. Uongo, mwanangu. Tumaini tulilikuta huko huko, lina jina, na mimi nililiosha kwa sabuni. Nimezeeka, wajukuu nimewapata, lakini nikinusa maziwa yenye moshi bado chakula hunishinda.

Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Mimi nilienda nimeyakodoa yote mawili. Kwa hiyo sikia. Huko uendako watakupa: yai, kiti kizuri, maziwa ya ng'ombe wa mwisho. Pokea. Kunywa wakikuona, umalize, useme asante, halafu unyamaze. Usikimbilie kulipa, anayelipa wema kabla jua halijatua ni kama anasema sitaki udugu na wewe. Mwachie maskini raha ya kukupa, maana pengine hiyo ndiyo raha pekee iliyombakia. Na kabla hujarudisha kitu cha watu, uliza kinarudishwaje. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni ule wangu, wa kujua kwetu na kudhani nimejua kote.

Haya, lete kiganja nikitemee mate ya baraka, kama nyanya yangu alivyonifanyia. Mungu wa mlima huu akutangulie. Akupe mikono miwili inayojua kupokea. Ukute maziwa huko, na chombo cha wenyewe utakapokirudisha, kirudi kikinukia moshi wa kwao.