Ndugu wa Benchi la Nyuma

Dada Sofa hakupewa jina hilo kwa unene. Alikuwa fundi wa kuvalisha makochi, na mtaani kwake ilikuwa kazi kupata kochi ambalo hajalichana na kulishona upya. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye upande wa pili wa soko. Mchungaji wake alipotafuta wa kufundisha Biblia katika gereza la wanaume, alimchagua yeye kwa ajili ya sauti hiyo. Bwalo la gereza halina kipaza sauti.

"Nitakwenda," alisema Dada Sofa.

Mchungaji alikuwa amejiandaa kukataliwa. Kila mtu kanisani alijua kwamba mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wao, amefungwa humo humo, na kwamba aliyemtolea ushahidi mahakamani ni dada yake mwenyewe. Kijana huyo alikuwa amevunja karakana ya dada mtu akauza vyerehani vyote, hata kile cha marehemu mama yao. Tangu hukumu isomwe, Dada Sofa hakuwahi kwenda kumtazama. Jamaa walipomsihi, alijibu kwamba ana vitambaa vya watu.

"Utakutana naye," Mchungaji alimwambia taratibu.

"Siendi kumwona mtu. Naenda kufundisha."

Jumatano ya kwanza askari wa langoni walimpekua, wakamchomoa pini alizokuwa amejichomeka kifuani bila kukumbuka, wakamruhusu aingie na Biblia yake na katoni ya sabuni. Darasa lilikaa kwenye mabenchi ya kulia chakula. Nusu yao walifuata sabuni. Naye alilijua hilo, ndiyo maana akaigawa mwisho wa kipindi. Mdogo wake alikuwa benchi la nyuma, kichwa kipara, mashavu yamebonyea.

"Ndugu zangu," Dada Sofa alianza, halafu akakohoa. Tangu siku hiyo akawaita wanafunzi.

Miezi ikaenda hivyo. Mdogo wake alimwita Mwalimu, hakuuliza swali, na aliondoka na kipande chake cha sabuni kama wenzake. Wafungwa wote walijua kuwa hawa ni damu moja, maana pua ile haiwezi kuumbwa mara mbili kwa bahati mbaya. Lakini gerezani mtu hujifunza kutojua.

Ikafika zamu ya mwana mpotevu, yule kijana aliyetapanya urithi wake akarudi nyumbani, baba akamchinjia ndama, kaka yake mkubwa akasusa kuingia karamuni. Dada Sofa alifikiria kuuruka mfano huo. Hakuuruka. Kochi ukishalichana, umelichana.

Alitegemea kwamba wafungwa watamshangilia mpotevu. Wapi!

"Mimi naona kaka mtu ameonewa," alisema mfungwa waliyemwita Wakili, kwa sababu alijitetea mwenyewe mahakamani akashindwa. "Mdogo alishachukua fungu lake. Sasa yule ndama ni wa nani?"

"Wa kaka!" darasa likaitikia.

"Aliulizwa?"

"Hakuulizwa!"

Hata askari wa mlangoni aliguna kukubali.

"Haya, Mwalimu," Wakili akaendelea, "huyo kaka mwisho wake aliingia ndani, au alibaki huko nje?"

"Haijaandikwa."

"Wewe unaonaje?"

Dada Sofa alifunua ukurasa, akaurudisha.

"Mwacheni," ilisema sauti kutoka benchi la nyuma. Ilikuwa ya mdogo wake. "Kaka mtu ametoka shambani, amechoka. Aliyechoka halazimishwi kucheza ngoma. Na yule mdogo angekuwa na haya kidogo, asingekaa anatafuna nyama huku mwenzake yuko nje. Angetoka wakae wote huko nje, hata kama hawasemezani."

"Hilo nalo halijaandikwa," alisema Dada Sofa.

"Najua, dada."

Bwalo zima likatazama sakafu. Dada Sofa akaanza kugawa sabuni kabla ya saa yake. Alipofika benchi la nyuma alimpa mdogo wake kipande, kisha akauliza kwa sauti ambayo yeye aliidhania kuwa ya chini, "Mbona umekonda hivyo? Huli?"

Wapishi walisikia wakiwa jikoni.

"Nakula. Maharage ndiyo hayanikubali."

"Hayajawahi kukukubali," alisema, akapita kwa aliyefuata.

Nyumbani siku hiyo alishona mgongo wa kochi juu chini, akaufumua, akaushona tena juu chini. Akaenda kulala jua halijazama.

Wiki iliyofuata, na nyingine nyingi baada yake, alifika mapema kabla ya kipindi, akaketi chumba cha wageni, akamtazama mdogo wake kupitia wavu. Hawakuwa na mengi. Walizungumzia magonjwa ya shangazi.

Kifungo kilipokwisha, hakuna aliyechinja kitu. Mdogo mtu alikuja karakanani asubuhi, akasimama mlangoni. Dada yake alikuwa anavuta kitambaa kwenye kochi la watu watatu, kazi inayotaka mikono ya watu wawili.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Shika hapo."

Akashika.

Yuko hapo mpaka leo. Funguo za karakana hajapewa, naye hajaziomba. Wateja wakiuliza yule ni nani, Dada Sofa huwajibu, "Mdogo wangu. Msimsemeshe, anajifunza kushona pembe."