Nilimtemea babu ya mchumba wangu mursik, na bado nikakubaliwa

Niaje wakuu. Hii stori sijaongeza chumvi. Kama kuna mtu wa Olenguruone humu ndani, pengine ameshaisikia sokoni, kwa hivyo heri niitoe mwenyewe.

Mchumba wangu Chebet aliniambia nikitaka kumuoa lazima nikubaliwe na babu yake wa Olenguruone, wanamuita Kugo. Bila yeye, ma-uncle hawaketi kwa mkutano wowote. Jamaa wawili walikuwa wameenda kabla yangu na wote wakarudishwa.

Mimi ni born-town wa Nakuru, siku hizi nauza spea za magari Nairobi. Mambo ya huko juu siyajui. Nilikuwa naogopa vibaya.

Ndio Chebet akasema tupitie Naivasha asubuhi, kuna shamba la zabibu wanaonjesha watu wine. Ati nitulie kidogo.

Pale kuna dada anafundisha. Zungusha glasi, nusa, onja, sukutua, tema kwa ndoo.

Nikamuuliza, "Nani hutema kitu tamu hivi?"

"Boss, si wewe ndio dereva?"

Basi. Chebet anakunywa akicheka, mimi natema. Glasi baada ya glasi, natema tu. Mpaka tunaondoka nilikuwa fundi, ndoo iko mbali na naifikia.

Lunch ilikuwa Milimani, Nakuru, kwa shangazi yake. Tulimbebea chupa moja. Shangazi akaimimina kwa vikombe vya chai na kuongeza soda ya machungwa, kwa sababu pastor wake hupitia bila kupiga simu. Nikaonja, nikaenda kutema kwa sink. Akaniuliza kama tumbo ni mbaya.

Tulifika Olenguruone jua likiwa bado juu. Kugo alikuwa ameketi na koti yake nzito, haongei sana. Chebet akanimiminia mursik kutoka kwa kibuyu, yale maziwa lala yao yenye majivu ya mti. Kugo akasogeza kiti karibu kabisa aone vile nitakunywa. Wale jamaa wawili walifeli hapo, walikunja uso.

Wakuu, sijui nini ilinishika. Mkono ukaanza kuzungusha kikombe wenyewe. Nikanusa. Nikaonja. Nikasukutua, macho nimefunga.

Nikatema.

Ndoo haikuwepo. Kugo ndiye alikuwa hapo. Koti yote, na kidogo kwa ndevu.

Chebet alifunika uso na leso. Mimi nilikuwa natafuta mlango na macho. Nikajua mke ameenda hivyo.

Mzee akajipangusa polepole. Akauliza Chebet, "Huyu ako na miaka ngapi?"

Sikuelewa swali. Kumbe kwao kumpulizia mtu maziwa na mdomo ni baraka, na ni wazee pekee wanafanya. Kijana kumbariki mzee haijawahi kuonekana.

Akanigeukia. "Umenibariki na nini?"

Ai! Nikabuni haraka. "Ng'ombe, Kugo," nikajibu. "Na... magoti."

"Magoti?"

"Yawe mazuri."

Akaniangalia mpaka nikaanza kuomba kimoyomoyo. Halafu akacheka mpaka akakohoa. Akachukua kikombe changu, akajaza mdomo, akanimwagia yote usoni.

"Mimi nimekubariki na mke," akasema. "Na adabu. Hiyo ndio ulikuwa unahitaji haraka."

Ma-uncle wameketi na mambo imekubaliwa. Shida ni moja tu: Kugo anasema goti la kushoto limepona kabisa. Jumapili alinipigia simu nirudi, eti la kulia sikulifikia vizuri, na kuna majirani wawili wanaumwa na mgongo, wamekubali kungoja.

Funzo: ukiwa dereva, usiende kuonja wine siku ya kuonana na wakwe. Mdomo unazoea.

Sasa wenye mnajua mambo ya huko, nishaurini. Mgongo unatemewa mtu akiwa amesimama ama amelala?