Binti wa Fundi Anamimina Maji

Nilipompeleka mjukuu wangu shuleni, shule ya serikali hapa Buyenzi, nilimkuta fundi wa magari mlangoni mwa darasa, mikono kiunoni, amesimama mbele ya mwalimu. Ndani, binti yake alikuwa akimimina maji kikombeni polepole, ulimi nje.

"Madamu, mi nilileta mutoto asome. Kazi ya jikoni iko nyumbani. Wallahi, namutoa!"

"Baba, hii ni Montessori, mutoto anajifunza kwa kazi ya mikono. Mukono ukizoea kutulia, kuandika hakutamusumbua."

Fundi akakunja uso. "Na watoto ya wakubwa, kule kwa shule za kulipa, nao wanamimina?"

"Wanamimina. Tena tangu zamani."

Akashusha mikono. "Basi amimine."

Mimi ndiye niliyeondoka na shaka: kitu kizuri hivi, nani alikichelewesha kufika kwetu?